Mgonjwa Chini ya Kitanda

Maji yalipoanguka mchangani yalitoa sauti ambayo maji hayatoi.

Lahsen alikuwa amesimama nyuma ya gari-nyumba lao, sufuria mkononi, mvuke ukimpanda usoni. Sinki lilikuwa limeziba tangu asubuhi. Ijja, mkewe, alikuwa amechemsha makaroni, akampokeza maji yake mlangoni yakiwa bado yanatokota, akamwambia akayamwage mbali ili asije akakanyaga matope. Lakini goti lilikuwa linamuuma, na ukungu wa bahari ulikuwa umetanda hata hakuona maana ya kwenda mbali, basi akamwaga pale pale kwenye gurudumu la nyuma. Ndipo akasikia mlio mfupi, mwembamba, kama wa mtoto wa mbwa aliyekanyagwa. Akainama. Hakukuwa na kitu. Mchanga tu, umelowa, unafuka.

"Ulipiga bismillahi kwanza, walio chini wapishe?" Ijja aliuliza kutoka ndani.

"Nimemwaga maji, mwanamke. Sijachinja kondoo."

"Cheka tu. Mama yangu angekuchapa na ufagio."

"Mama yako alikuwa ananichapa hata nikiwa nimeipiga."

Ijja akacheka, wakala makaroni yao, na ukungu ukawafunika mpaka kesho yake.

Huo ulikuwa msimu wao wa kwanza wa baridi barabarani. Lahsen alizaliwa kijijini nyuma ya Tiznit, akachukuliwa akiwa kijana kwenda Ufaransa ya kaskazini kuchimba makaa ya mawe, na migodi ilipofungwa akaendesha malori. Ijja alimfuata huko, wakamlea binti yao mmoja, Wafae, ambaye sasa ni muuguzi. Kifua cha Lahsen kilikuwa kimejaa vumbi la makaa, na daktari alimwambia kwamba baridi ya Roubaix, mji wao wa huko Ufaransa, itamuua kabla ya wakati wake. Wakanunua gari-nyumba kuukuu la Mbelgiji mmoja, wakavuka na meli kurudi nchi yao, wakashika pwani kuelekea kusini: Agadir, Sidi Ifni, Tan-Tan, na mbele zaidi, ambako jangwa linakuja mpaka ukingoni na kuanguka baharini. Mwezi wa Januari huko mtu anakaa na fulana. Walipenda kuegesha peke yao, mbali na wazee wa Kizungu wanaopanga magari yao mstari mmoja kama makaburini, maneno ya Ijja hayo. Ndiyo maana siku ile walikuwa kwenye mdomo wa mto mkavu, mahali majabali yanapokatika, pasipo na mtu.

Kesho yake walipoanza safari, Ijja alinusa hewa.

"Kuna kitu kinaungua."

Lahsen naye alikuwa ameisikia harufu hiyo. Si ya plastiki wala ya breki. Ilikuwa harufu ya nywele na ngozi, kama Idi Kubwa vijana wanapobabua vichwa vya kondoo barabarani. Alisimamisha gari, akafungua boneti, akakagua nyaya, akafunga mtungi wa gesi. Harufu haikuwa mbele. Ilikuwa nyuma, kwenye kitanda, na chini ya kitanda kulikuwa na sanduku kubwa la kuwekea vitu. Akalifungua. Viti vya kukunja, ndoo, blanketi la ziada. Blanketi lilikuwa limelowa katikati, na lilikuwa na joto.

"Maji yamevuja," alisema.

"Maji ya moto?" Ijja aliuliza.

Akarudi kwenye usukani, akawasha gari. Barabara kutoka pale ina mashimo, na kila gurudumu lilipodumbukia, kitu nyuma yao kiligumia. Mwanzo Lahsen alijiambia ni chuma kinasagana na chuma. Aliendesha malori miaka mingi, anajua milio ya magari. Huo haukuwa mlio wa gari. Ulikuwa na pumzi ndani yake, ukitoka, ukikatika, ukivutwa tena.

"Punguza mwendo," Ijja alisema polepole. "Kinaumia."

"Nini kinaumia?"

"Punguza tu, Baba Wafae."

Jioni waliingia kwenye kambi moja karibu na Akhfenir, makusudi wawe na watu. Jirani yao, Mfaransa mmoja mzee, alikuja kuazima bisibisi akiwa na mbwa wake. Mbwa alifika kwenye ngazi ya gari, akasimama, akajikojolea, kisha akamvuta bwana wake mpaka kamba ikamkata kiganja. Mzee aliomba radhi, akasema mbwa huyo hajawahi kufanya hivyo. Kabla jua halijazama alikuwa amehamisha gari lake upande wa pili wa kambi.

Lahsen alijilaza chini ya gari na tochi akakagua kila pembe. Hakuona mbwa, hakuona paka. Alipotoka amejaa vumbi, akamkuta Ijja ameshika kikombe cha maziwa.

"Ya nani hayo?"

"Ya mtu mwenye kiu," akasema, akapanda ndani.

Siku ya pili pale kambini, adhuhuri, Lahsen alilala kwenye kiti cha dereva, jua likimpiga miguuni. Aliamshwa na sauti ya mkewe. Hakuwa anaongea na simu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya lile sanduku la chini ya kitanda, mkono wake mmoja umezama ndani mpaka begani, chupa ya mafuta ya argani, dawa ya ngozi ya kwao, wazi pembeni yake, na alikuwa anabembeleza kwa Kiberberi cha kijijini kwao, maneno yale yale aliyokuwa akimwambia Wafae alipokuwa na homa ya surua.

"Ijja. Toa mkono."

"Usipaze sauti."

"Toa mkono wako humo!"

Kilicho ndani kikalia. Hakikulia kama mbwa.

Ijja aligeuka. Uso wake ulikuwa umechoka na haukuwa na hofu hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Lahsen kuliko sauti yenyewe. "Kina vidole," alisema kwa kunong'ona. "Nimevihesabu kwa kuvigusa. Vimegandana, Baba Wafae. Vimegandana kama nta. Ni mtoto. Ni yale maji."

"Unaota. Umepata jua kali."

Akamwonyesha kiganja chake. Kilikuwa kimevimba malengelenge, kama mtu aliyeshika sufuria bila kitambaa.

Waliondoka kambini mchana huo huo, kwa sababu Lahsen alifikiri, kama mtu yeyote angefikiri, kwamba ukiogopa mahali unapaondoka. Na alikuwa ameshapita kilomita nyingi za jangwa tupu kabla hajatambua kwamba mahali alipokuwa anapaogopa alikuwa anapaendesha yeye mwenyewe, kwa mikono yake, kwa gia ya nne.

Kisha wakamwona mwanamke.

Alikuwa anatembea kandokando ya barabara, amejitanda vazi jeusi la kike la huko, mwendo wa mtu asiye na haraka. Hakuna nyumba karibu, hakuna hema, hakuna ngamia. Lahsen alimpita bila kusimama. Baada ya muda mrefu, nyuma ya kilima, alikuwa mbele yao tena, anatembea vile vile, na vumbi halikuwepo miguuni pake. Lahsen akakanyaga mafuta. Walipofika kituo cha petroli mwanamke alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta, mikono magotini, uso umeelekea mlango wa nyuma wa gari lao. Kijana wa mafuta alipita karibu naye akiburuta ndoo, nusura amkanyage, wala hakumwangalia.

"Unamwona?" Lahsen aliuliza bila kufungua mdomo vizuri.

"Tangu Akhfenir namwona," Ijja alisema. "Mama yake. Yeye hatufukuzi sisi. Anamfuata mwanawe tu. Mimi pia ningefanya hivyo."

"Na anataka nini?"

"Anataka tumponye. Tumemwunguza sisi."

Kesho yake asubuhi, huko Tarfaya, waliambiwa kuna mtu anayesomea wagonjwa, Sidati, mtu wa makamo mwenye kiduka cha chaja za simu. Alikuja akiwa amevaa koti la michezo, mcheshi, akamtania Lahsen kwamba gari lake ni kubwa kuliko nyumba aliyoolea yeye. Akapanda ndani. Lahsen alibaki nje akisikiliza. Alisikia aya anazozijua tangu utotoni, zikisomwa kwa sauti ya juu, ya amri. Kisha sauti ikashuka. Kisha ikawa ndogo sana, ya upole, na mwisho hakusikia kitu. Sidati aliposhuka ucheshi ulikuwa umemtoka.

"Twende kule, mzee," alisema, wakasogea kuelekea ufukweni.

"Umemtoa?"

"Nimtoe vipi? Mimi hutoa jini aliyeingia kwa jeuri. Huyu hakuingia, ameletwa auguzwe. Nimemsomea kama ninavyomsomea mtoto yeyote aliyeungua, akatulia kidogo. Basi."

"Atapona?"

"Umewahi kumwona mtu aliyeungua mwili mzima?"

Lahsen alikuwa amewaona. Gesi ililipuka mgodini, wakawapandisha watu juu mmoja mmoja, na wengine walikuwa bado wanaongea. Aliitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo unajua," Sidati alisema. "Sikiliza. Akifia ndani ya gari lenu, mama yake atachukua mtu wa humo, na kwa sheria yao hajakosea. Mrudisheni kabla hajafa. Pale pale mlipomwaga. Na aliyemwaga ndiye ambebe kwa mikono yake mwenyewe, amkabidhi, aombe radhi. Nani alimwaga?"

"Mimi."

"Basi ni wewe. Si mkeo. Umenielewa? Akimbeba mkeo, watafikiri amejitoa abaki nao."

"Na nikimbeba mimi, watasamehe?"

Sidati alitazama bahari. "Sijui, mzee wangu. Sitakudanganya. Wakati mwingine husamehe."

Walirudi kaskazini siku hiyo hiyo. Ijja hakukaa mbele. Alikaa nyuma sakafuni, mgongo kwenye mlango wa choo, akiimba taratibu, na harufu ilikuwa imebadilika, si ya kuungua tena, ilikuwa tamu, nzito, ya kidonda kilichooza, ikimshika Lahsen kooni hata akafungua madirisha yote na bado akawa anaimeza; na kila alipotazama kioo cha pembeni alimwona mwanamke wa vazi jeusi akitembea nyuma yao, mwendo ule ule wa taratibu, gari linakwenda mia na yeye hasogei mbali wala karibu, na Lahsen akajikuta anaomba, si kwa ajili ya mtoto, wala kwa ajili ya Ijja, Mungu amsamehe, anaomba tu kwamba ukungu usiwepo wakifika.

Ulikuwepo. Ulikuwa umeukalia mdomo wa mto kama maziwa kwenye bakuli, na bahari ilisikika lakini haikuonekana. Aliegesha pale alipokumbuka. Alasiri ilikuwa bado changa.

Ijja alikuwa amemfunga kwenye lile blanketi. Lahsen aliona blanketi tu, limekunjwa kama linavyokunjwa kwa kichanga, lakini katikati lilikuwa linapanda na kushuka.

"Haya," Ijja alisema. "Mkono mmoja chini ya kichwa. Usimminye mgongoni, huko ndiko kubaya zaidi."

Lahsen alinyoosha mikono. Uzito uliposhuka juu yake alishangaa. Ulikuwa uzito wa kweli, wa mtoto wa miezi michache, na joto lake lilipenya shati. Kwa kitambo kidogo alifikiri ataweza. Kisha kitu kikatambaa kifuani mwake, kikapapasa kola, kikafika kidevuni, laini, chenye majimaji, kama ngozi ya samaki aliyechemshwa, kikamgusa mdomo. Na kilipomgusa kikamjua. Kikapiga yowe. Lilikuwa ni lile lile la siku ya kwanza, ila halikukatika. Liliendelea, likapanda, na kule nje, ndani ya ukungu, mtu mwingine akaitikia kwa sauti kama ile.

Mikono ya Lahsen ikafunguka. Hakuifungua yeye. Ijja alidaka blanketi likiwa karibu kugusa sakafu.

"Siwezi," alisema. "Ijja, siwezi. Ananijua."

"Lazima akujue. Jaribu tena. Taratibu."

"Siwezi!"

"Sidati alisema wewe. Ulimsikia."

"Nilimsikia." Alijiegemeza kwenye kiti cha dereva, kifua kikipiga filimbi ya makaa. Alinyoosha mikono tena. Ilifika nusu ya njia, ikakataa.

Ijja alimtazama. Hakumtazama kwa hasira. Alimtazama kama mtu anavyomtazama mzee aliyeshindwa kupanda ngazi.

"Kaa," alisema. "Washa taa, nizione nikirudi."

Na Lahsen, mume wa mwanamke huyo tangu ujana wao, alikaa. Aliwasha taa. Alimsikia anashuka ngazi moja baada ya nyingine kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba kitu chenye kujaa, akamsikia anaanza kuimba, na yowe likapungua, likawa kilio, kikawa kwikwi ya mtoto anayebembelezwa. Hatua zake zilikwenda mbali. Kisha akasikia wanawake wawili wanaongea. Hakushika maneno. Yalikuwa mazungumzo ya kawaida, ya wanawake wanaokutana kisimani, mmoja anauliza, mwingine anajibu. Halafu pakawa kimya, akasubiri, akawasha na kuzima taa, akapiga honi, akasubiri.

Aliposhuka alimwita mpaka sauti ikakauka. Alilikuta blanketi kwenye mchanga, limekunjwa vizuri mara nne, pembe kwa pembe. Nyayo za mkewe zilifika hapo. Za kurudi hazikuwepo, wala za kwenda mbele.

Askari wa doria walikuja, wakatafuta majabalini, wakaleta mashua. Walisema ukungu ule umeshawadanganya wengi, watu wanatembea wakidhani ni mchanga kumbe ni hewa. Wafae alikuja kwa ndege akiwa amevaa viatu vya kazini. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, kuhusu maji, kuhusu vidole, kuhusu mwanamke wa barabarani, akiwa amemshika mkono kama anavyowashika wagonjwa wake.

"Tuseme yote ni kweli, Baba," alisema. "Kila neno. Bado sielewi kitu kimoja. Ulimwachaje ashuke peke yake?"

Lahsen alitazama mikono yake.

Wafae alirudi Ufaransa baada ya utafutaji kusimamishwa. Baba yake alimwahidi atalipeleka gari Agadir, aliuze, kisha apande ndege. Alifika njia panda ya Tan-Tan, akageuza. Aliegesha pale pale akangoja, na ukungu ulipokuja, alasiri moja, aliingia ndani yake mikono imenyooshwa mbele, viganja juu.

"Nichukueni mimi!" alipiga kelele. "Ni mimi niliyemwaga! Nitambeba! Mrudisheni yeye, mimi nitambeba! Ijja! Ijja!"

Kilio cha mtoto kilianza mahali fulani kushoto kwake, dhaifu, cha kuchoka.

"Shhh." Ilikuwa sauti ya Ijja, karibu sana, angeweza kumgusa. Alipapasa, akashika unyevu. "Nyamaza, Baba Wafae. Ndiyo kwanza alikuwa amelala."

"Uko hai? Unarudi lini?"

"Nitarudi vipi? Hajapona."

"Atapona lini?"

Alimsikia yule mwanamke mwingine akimbembeleza mtoto, na Ijja akimpokea, na mtoto akihema.

"Huku hawaponi, Lahsen," Ijja alisema mwishowe. "Na hawafi. Wanauguzwa tu." Sauti ilikuwa ya mtu aliyekesha siku nyingi, hana nafasi ya kulia. "Usije tena. Kila akikusikia anaanza upya. Tunahangaika naye usiku na mchana, na wewe unakuja kupiga kelele. Nenda. Usiwashe gari, mlio wake anaujua."

Alitaka kumwambia jambo. Alikuwa nalo mdomoni, jambo la maisha yao yote, na alijua hata kulinong'ona kungesikika. Mtoto alikuwa ameanza kutulia. Pumzi zilikuwa zinaachana, moja, kisha nyingine.

Lahsen akainama akavua viatu vyake. Aliziacha funguo kwenye gari na mlango wazi, akatembea kwenye mchanga kuelekea barabara kuu, viatu mkononi, akikanyaga kwa ncha za vidole, mkono wa pili umeziba mdomo wake ili kikohozi kisimtoke.